Mwanangu ananiita dada, na Desemba anaolewa

BARUA

Shikamoo mama,

Naomba usinitaje jina wala kijiji. Sema tu nimetoka mlimani, Kilimanjaro, na sasa naishi Dar es Salaam. Nina miaka 42, ni muuguzi, nimeolewa, na ndani ya ndoa nina watoto wawili wa kiume. Lakini mtoto wangu wa kwanza ni binti wa miaka 25. Yeye ananiita dada.

Mwaka 1999 nilikuwa kidato cha pili, nina miaka 16. Kulikuwa na mwalimu aliyetufundisha tuisheni ya hesabu jioni, mtu mzima mwenye mke na watoto kwao. Naomba niishie hapo. Tuliporudi likizo tukapimwa mimba wasichana wote, mimi nikakutwa nayo, nikafukuzwa siku hiyo hiyo, jina likatajwa paredi. Yule mwalimu alihama mwezi uliofuata. Hakuna aliyemuuliza kitu. Hata baba yangu hakumfuata, alisema akienda kudai ndiyo atazidi kutangaza.

Sisi ni Walutheri, na baba alikuwa mzee wa kanisa. Alijiuzulu uzee kabla hajaambiwa. Jumapili moja jina langu likasomwa kwenye matangazo kwamba nimetengwa, katikati ya tangazo la mavuno na tangazo la kwaya ya akina mama. Mimi nilikuwa nyumbani, nilisimuliwa. Binti alizaliwa Machi 2000. Mama, kwetu mwanamke akijifungua ni sherehe: mtori kila siku, nyama, wageni wanakuja na ndizi na vitenge. Mimi nililala chumba cha nyuma. Mama yangu alikuwa ananiletea mtori usiku, baba akishalala, na shangazi mmoja alikuja siku moja tu, akamwangalia mtoto akasema, "Haramu nayo ina macho mazuri."

Mtoto hakubatizwa mpaka mama yake arudi kundini. Nilirudi mwaka 2001. Tulisimama mbele watu wanne, tukapiga magoti, mchungaji akatuwekea mikono. Mtoto akabatizwa Jumapili iliyofuata. Wiki ile ile baba akatuita sebuleni, akasema: "Kuanzia leo huyu ni wangu, ni kitinda mimba wa nyumba hii. Wewe utakwenda Dar es Salaam kwa mama yako mdogo, utaanza maisha." Nikaja. Nilijifunza cherehani, nikafanya QT (mtihani wa kufuzu), nikafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikaingia uuguzi. Mume wangu nilimwambia kabla ya ndoa. Alisema, "Hilo ni la kwenu, mimi nakuoa wewe." Wanangu hawajui.

Kazini nahudumia mabinti wenye mimba, wengine wanafunzi. Nawaambia wasione aibu, maisha yanaendelea. Wananisikiliza wanajifuta machozi. Wakitoka mimi ndiye nabaki nimeinama. Aibu yangu haizeeki. Kanisani nakaa benchi la nyuma. Siku ya Chakula cha Bwana mara nyingine natoka nje kama ninayepokea simu. Miaka mitatu iliyopita mtaa wetu ulinipendekeza niwe mzee wa kanisa, nikasema zamu za hospitali zinanibana. Si kweli.

Sasa binti ameposwa, na kijana ni mtu mzuri. Baba alifariki mwaka 2011, kwa hiyo mahari ilipokelewa na baba mkubwa. Kwenye orodha kulikuwa na mkaja wa mama. Mama yangu, ana miaka 74 sasa, aliipokea bahasha mbele za watu. Usiku akanifuata chumbani, akanishikisha mkononi, akasema, "Hii si yangu." Nilimrudishia. Hatujaizungumza tena.

Na kuna jambo lingine. Ndoa itafungwa Dar es Salaam, na mchungaji wa huku anataka cheti cha ubatizo. Kipaimara binti alichukua pale pale nyumbani, hakuna aliyemdai karatasi. Sasa anataka twende naye Moshi akanakiliwe kutoka kwenye kitabu cha usharika. "Dada, nisindikize." Mama, cheti chake cha kuzaliwa kina majina ya babu na bibi yake, baba ndiye aliyekiandikisha. Lakini kitabu cha ubatizo kina jina langu.

Niseme au niache mpaka harusi ipite? Na kama nimekwisha kuchafuka mbele ya kanisa na mbele ya mila, siku ya sendofu nikae wapi? Mungu bado ananidai?

Dada Mtu, Dar es Salaam


JIBU

Marahaba mwanangu.

Nianze na kitabu cha ubatizo, maana hicho hakisubiri. Mwambie kabla hajakiona. Akikisoma mwenyewe ofisini, mbele ya karani, na wewe umesimama pembeni umeshika mkoba wake, atakumbuka mambo mawili maisha yake yote: kwamba ni mwanao, na kwamba ulikuwa tayari kumwacha alijue kwa karani. La kwanza anaweza kulipokea. La pili ni gumu sana kulisamehe. Kwa hiyo swali la kabla au baada ya harusi limekwisha kujibiwa na wino wa mwaka 2001, na mimi nasema afadhali.

Sasa niseme mimi ni nani, ili upime maneno yangu. Ni Mwislamu wa Tanga. Mambo ya kutengwa na kurudi kundini sikukulia ndani yake. Nina jirani mchungaji mstaafu wa dhehebu lenu, ambaye mimi na yeye huwa tunagombana juu ya mbuzi wake wanaokula mchicha wangu, na nilipoisoma barua yako nikaenda kumuuliza bila kutaja ni nani. Nitayaleta aliyoniambia. Lakini kwanza nataka nikuulize jambo ambalo barua yako nzima inalipita haraka.

Unamficha nani?

Jina lako lilisomwa kanisani. Lilitajwa paredi. Shangazi alikuja akamwona mtoto. Usharika mzima ulikuona umepiga magoti, na wiki iliyofuata ukamwona mtoto akibatizwa. Mama yako mwaka ule alikuwa mtu wa karibu miaka 50, na mlimani wanawake wanajua kuhesabu miezi. Kijiji chote kinajua, mwanangu. Wamenyamaza miaka 25, wengine kwa upendo, wengine kwa kumheshimu marehemu, wengine kwa sababu siri tamu haimalizwi haraka. Asiyeambiwa ni mmoja tu, naye ndiye mwenye haki ya kwanza. Na hata yeye, sishangai kama amekwisha kuhisi. Watoto wanaolelewa na bibi huwa wanasikia mazungumzo yakikatika wakiingia jikoni.

Sisi watu wa pwani tunaipenda sana stara. Mtume amefundisha kwamba anayemsitiri Mwislamu mwenzake, Mungu atamsitiri yeye, na mimi nimeishi kwa mafundisho hayo. Baba yako, nadhani, alikuwa anatafuta kitu cha namna hiyo hiyo kwa lugha ya kwenu. Alimpa mtoto jina lake, akamsomesha, akamfanya wa nyumbani, na wewe akakufungulia njia ya kuanza upya. Sisemi ni jambo dogo. Wapo wazee waliofukuza binti na mtoto pamoja. Lakini kosa linasitiriwa, mtu hasitiriki. Mtu ana macho, ana damu, anauliza. Hata kwetu, kulea mtoto asiye wako ni thawabu kubwa, lakini kumfutia nasaba yake kumekatazwa. Imo katika Surat Al-Ahzab, aya ya 5. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya nchi yetu inasema mtoto ana haki ya kuwajua wazazi wake wa kumzaa, na inakataza kumbagua kwa sababu ya kuzaliwa kwake. Binti yako si mtoto tena, lakini alikuwa mtoto miaka yote mliyokuwa mkimficha.

Turudi mwaka 1999. Umeniambia niishie ulipoishia, nami nitakuheshimu. Ila umri wako na umri wa yule mwalimu umevitaja mwenyewe. Mwaka mmoja kabla, 1998, Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana. Kwa sheria hiyo mwanamume anayelala na msichana wa chini ya miaka 18 asiye mke wake amebaka, msichana awe amekubali au hakukubali, na kifungo chake si chini ya miaka 30. Sheria ilikuwapo siku unatajwa paredi. Ilikuwapo jina lako linasomwa kati ya mavuno na kwaya. Mkosaji kwa mujibu wa nchi alifungasha sanduku akahamia kituo kingine, na aliyekosewa ndiye aliyepigishwa magoti. Wewe ni muuguzi. Leo akikujia binti wa miaka 16 mwenye mimba ya mwalimu wa tuisheni, faili lake ungeliandikaje? Unajua ungelipeleka dawati gani. Basi naomba faili lako uliandike hivyo hivyo.

Na tazama aibu hii inavyotembea na nyakati. Ulipofukuzwa, kila mtu aliona ni sawa, ndio ulikuwa utaratibu. Juni 2017 Rais Magufuli akasema hadharani kwamba katika utawala wake hakuna mwanafunzi aliyezaa atakayerudi shule ya serikali, na watu wakapiga makofi. Novemba 2021 serikali ya chama hicho hicho, kupitia Ndalichako, Waziri wa Elimu wa wakati huo, ikatangaza kwamba wanaruhusiwa kurudi, waraka ukatoka, na leo mzazi anakwenda kwa mkuu wa shule na mwanawe kuulizia nafasi. Wenzetu wa Kenya walikuwa na sera ya kuwarudisha tangu mwaka 1994, kabla hata wewe hujafika sekondari. Kitu kinachobadilishwa na waraka wa wizara hakiwezi kuwa hukumu ya milele juu ya nafsi ya mtu. Uliadhibiwa kwa sababu ya mwaka uliozaliwa, na upande wa mpaka uliozaliwa.

Nije kwenye kanisa, ambako naona ndiko kunakouma zaidi.

Jirani yangu mchungaji hakulisemea vibaya kanisa lake, wala hakulitetea sana. Alisema kutenga watu kulikuja na wamisionari, na hao wa Leipzig waliofika Kilimanjaro mwaka 1893 walikuwa wakali katika hilo, na kwamba yeye mwenyewe katika utumishi wake alisoma majina ambayo leo asingeyasoma. "Tuliwasoma wasichana," akaniambia, "kwa sababu tumbo linaonekana." Kisha akaniuliza kama mwandishi wa barua alichukua kipaimara. Nikasema lazima. Akasema basi alikariri Katekisimo Ndogo ya Luther, na humo kuna mahali panaposema maungamo yana sehemu mbili: ya kwanza mtu aungame, ya pili apokee ondoleo kutoka kwa mchungaji kama kutoka kwa Mungu mwenyewe, asitie shaka. "Huyo dada," akasema, "ameifanya sehemu ya kwanza kwa miaka 25. Ya pili hajaianza."

Mimi si mwenye dini hiyo, lakini hilo nimelielewa. Kanisa lako lilikuwa na adhabu yenye mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Ulitokea mwaka 2001. Mchungaji alikuwekea mikono, shauri likafungwa, mtoto akabatizwa. Hakuna kurudi kundini mara ya pili kwa jambo lile lile. Anayetoka nje na simu isiyolia siku ya Chakula cha Bwana anaendelea kujitenga mwenyewe, kwa adhabu ambayo waliomtenga wamekwisha kuisahau. Unaniuliza kama Mungu bado anakudai. Kwa mujibu wa dini yako mwenyewe, iliyokuadhibu, jibu ni hapana. Huwezi kuiamini ilipokuhukumu ukaikatalia ilipokuachilia.

Akanifungulia pia Mwanzo sura ya 38, habari ya Tamari. Mjane, amepata mimba, mkwewe Yuda anasema atolewe nje achomwe moto. Naye anatoa pete ya muhuri, kamba na fimbo, anasema mwenye vitu hivi ndiye mwenye mimba hii. Ni vya Yuda, yule yule aliyetoa hukumu. Yuda anavitambua, anakiri kwamba mwanamke huyu ana haki kuliko yeye. Na Tamari ametajwa kwa jina katika ukoo wa Yesu mwanzoni mwa Mathayo. Nilimwambia mchungaji, mbona hiyo hamuihubiri siku mnazosoma majina? Akacheka, akasema mbuzi wake hawatakula mchicha tena. Walikula juzi.

Upande wa mila sitajifanya mjuzi wa Uchaggani, nimeishi Moshi miaka michache tu nikiwa kijana. Lakini hata mimi najua isale. Jani lile mnalolipanda mipakani mwa kihamba, shamba la ukoo, na penye makaburi ya wazee; mtu akikosa hulifunga fundo akamwendea aliyemkosea, na aliyeletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Kwa hiyo mila iliyokuonea aibu ndiyo hiyo hiyo yenye njia ya kuimaliza. Shangazi yako alichagua upande mmoja wa mila, ule wa ulimi. Usimwachie yeye mila nzima.

Ila hapa nitakuambia neno ambalo huenda hukulitaka. Kuna jambo unalostahili kuliombea msamaha, na silo unalolidhani. Kuzaa si deni. Ulikuwa mtoto, ukakosewa, ukazaa. Hata siri ya mwanzo si yako, ilipangwa sebuleni na mzee wa nyumba na wewe una miaka 18 huna pa kwenda. Lakini baba yako alifariki mwaka 2011. Wewe ulikuwa na miaka 28, una kazi au unakaribia kuipata, na binti alikuwa na miaka 11. Kuanzia hapo siri iliendelea kwa sababu yako. Nakuelewa kwa nini. Bado ni yako. Miaka 25 umeona aibu kwa kitu kisicho kosa lako, na aibu hiyo ikakuzuia kukiona kile kidogo ambacho ni chako kweli. Hicho kina dawa: unamwendea mwenye haki, unasema.

Unakwendaje? Kwanza panda basi uende kwa mama yako, peke yako. Usimpigie simu. Mwambie umekubali alichokuambia usiku ule wa bahasha. Yeye amekwisha kuanza. Mwanamke wa miaka 74 hasemi "hii si yangu" kwa bahati mbaya. Huenda anaogopa kumpoteza binti aliyemlea, kwa hiyo mhakikishie kwamba hakuna anayekuja kuchukua kitu. Muulize kama anataka awepo mnapozungumza, au mzungumze wawili kwanza kisha mwende kwake. Mwache achague.

Kisha binti. Nyumbani, si mgahawani, si kwenye gari mkielekea Moshi. Siku ambayo hana kazi kesho yake. Sema mapema, katika dakika za mwanzo. Usizunguke na habari za utoto wako mpaka aanze kudhani una saratani. "Mimi ndiye niliyekuzaa. Nilikuwa na miaka 16. Babu yako aliamua ulelewe kama mtoto wake, na mimi nikakubali, na baadaye nikaendelea kunyamaza nilipokuwa na uwezo wa kusema. Naomba unisamehe kwa kunyamaza." Usiombe msamaha kwa kumzaa. Akisikia unatubu kuzaliwa kwake utakuwa umemrithisha aibu yenyewe, na hapo tumefanya kazi bure. Ukitaka kubeba isale, beba, ni lako na yeye atalielewa. Lakini kama utaona ni kama kumlazimisha asamehe hapo hapo, acha. Mimi ningeacha kwa siku ya kwanza.

Utalia, hakuna wa kukuzuia. Jitahidi tu usilie kiasi kwamba yeye ndiye anakuwa wa kukubembeleza. Siku hiyo ni yake.

Ataulizia baba. Labda si siku hiyo, lakini atauliza, na hilo jiandae nalo kuliko yote. Mwambie ukweli unaolingana na swali: alikuwa mwalimu, mtu mzima, alihama, hukumtafuta. Jina mpe akilitaka. Kilichotokea usikiite mapenzi ili kumfariji, wala usimweleze yote ili kujitua mzigo. Akitaka kumtafuta ni uamuzi wake, na wewe hulazimiki kwenda naye. Kama kulisema hilo kwa mdomo bado kunakutetemesha, tafuta mtu wa kuzungumza naye kabla. Hospitali yako au halmashauri yako ina afisa ustawi wa jamii, na wewe unajua njia ya kufika kwake kuliko wasomaji wangu wengi.

Anaweza kukasirika. Anaweza kunyamaza wiki mbili, akakuambia usije kwenye harusi, kisha akabadilisha. Anaweza pia kusema, "Nilijua." Vyote vinawezekana na wewe huna kazi ya kuchagua. Kukuita mama usikudai. Kama atabaki na "dada" mpaka mwisho, amekuita hivyo kwa upendo tangu alipojifunza kusema, si jina la kudharau. Mchumba wake ataambiwa na yeye, kwa wakati wake. Wanao wa kiume waambie wewe na baba yao, wiki hiyo hiyo, kabla hawajasikia kwa binamu.

Sendofu ukae atakapotaka ukae. Akisema meza ya mbele, kaa. Akisema mambo yabaki kama yalivyo mbele za wageni, basi kaa kama dada, na hapo hutakuwa unamficha, mtakuwa mmekubaliana. Nakukataza jambo moja tu: kipaza sauti. Siku hizi kila kitu kinataka kuwa ushuhuda, na hao MC wakinusa habari ya namna hii watawatoa machozi wageni mia tatu huku bibi harusi anatamani ardhi ipasuke immeze. Kanisani vile vile, usisimame kushuhudia. Ulikwisha kusimama mbele za watu mara moja maishani kwa jambo hili, na hukuulizwa.

Mkaja umenifikirisha. Ile ni heshima ya kitambaa ambacho mama mzazi hujifunga tumboni baada ya kujifungua. Mwaka 2000 tumbo lilikuwa lako. Lakini aliyekufunga, na aliyeingia chumba cha nyuma na bakuli la mtori usiku akimhofia mumewe, ni mama yako, na yeye ndiye aliyeamka usiku miaka iliyofuata. Mimi ningeipokea bahasha kwa mkono wangu, niseme asante mama, kisha nimnunulie yeye doti ya vitenge na nyama ya mtori kwa fedha hiyo hiyo, tule pamoja. Mkigawana nusu kwa nusu pia ni sawa. Kumrudishia kimya kimya kama ulivyofanya ndiyo njia pekee niliyoona si sawa, kwa sababu mama alikuwa anakuomba mzungumze.

Uzee wa kanisa sikushauri ukubali wala ukatae. Ila mara nyingine ukikataa, kataa kwa sababu ya kweli. Kuna wasichana katika mtaa wenu ambao wangefaidika kuwa na mzee wa kanisa anayejua tangazo lile linavyosikika kutoka chumba cha nyuma.

Limebaki suala la vyeti. Cheti cha kuzaliwa chenye majina ya babu na bibi usikikimbilie. Binti amesoma, ameajiriwa na ana kitambulisho cha taifa kwa taarifa hizo. Kubadilisha majina ya wazazi ni shughuli inayogusa karatasi zake zote, na mwenye kuamua ni yeye. Akitaka, nendeni pamoja ofisi ya usajili wilayani mlikomwandikisha, waulizeni RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, wanataka viapo na nyaraka gani, na mpate wakili awaandalie, kwa sababu taarifa ya kwanza haikuwa sahihi na ni vizuri kuieleza kwa utaratibu. Kwa mchungaji wa Dar es Salaam, mwende nyote wawili mkamweleze faraghani kwamba vyeti viwili vinatofautiana na kwa nini, kabla hajaanza kusoma matangazo ya ndoa. Matangazo yanasomwa Jumapili tatu na ndoa ni Desemba, kwa hiyo safari ya kwa mama yako iwe mwisho wa wiki hii, kabla binti hajaomba ruhusa kazini.